Gari Lililonguruma na Kichwa cha Mama

Nnakumbuka Ijumaa moja ya masika, mwanangu, nami bado msichana, kaka yangu Salum anatupeleka Bwejuu kumtazama khalati, dada yake mama, aliyekuwa haugui wala haponi. Gari la Salum lilikuwa kuukuu, alilinunua kwa mtu wa Malindi, akilipenda kama mboni ya jicho. Mimi nilikaa mbele. Mama alikaa nyuma, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua.

Gari lile lilikuwa na tabia yake. Likienda polepole, kimya. Salum akikanyaga mafuta kupita gari jingine, basi linanguruma kwa chini, grrr, mpaka miguu yako inahisi. Akiachia mafuta, linanyamaza. Mimi nilizoea kuuliza kila kitu, nikamuuliza: "Kaka, mbona linalia?"

"Gari la kiume hilo," akanijibu, akaongeza sauti ya redio.

Tulipofika, mama aliteremka akishika mlango. Uso umemwiva, akatapika pembeni ya ua wa khalati. Haikuwa mara ya kwanza. Kila safari ya shamba mama alifika na kichwa kinamgonga, na kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Jirani alisema presha. Khalati alisema jicho la watu. Salum alisema uzee, na mama mwenyewe hakupenda kusemewa, akijikaza na kusema ni jua tu, hata siku ya mvua. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua.

Jioni ile nilimkanda kipaji cha uso, nikamuuliza taratibu: "Mama, kichwa huanza lini hasa?"

Akafikiri. "Gari likianza kunguruma, nacho huanza."

Salum akacheka. Mimi sikucheka, mwanangu. Neno lile lilinikaa. Mjini mama alikuwa akipanda ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini bila ya kulalamika, akisonga ugali, akigombana na wauza samaki. Kwa nini kichwa kimngoje ndani ya gari?

Wakati wa kurudi nikasema mimi nitakaa nyuma, mama akae mbele na afungue kioo chake. Tulipofika karibu na Jozani, pale miti inapofunika barabara, nikahisi kichwa kizito kama kilichofungwa kitambaa. Tulipokaribia mjini moyo ulikuwa ukinichafuka. Mama, mbele, alikuwa akimsimulia Salum habari za arusi ya watu, mzima kabisa.

"Salum," nikasema, "simamisha gari. Ugonjwa wa mama upo kwenye kiti hiki."

Hapo ndipo alipozima redio.

Tulifungua vioo vyote tukaenda polepole mpaka Amani, kwa Fundi Haji, aliyekuwa na gereji nyuma ya nyumba yake. Alituuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jibu lake: "Linanguruma likiwa linakwenda tu, au hata likiwa limesimama?"

Tukajaribu. Gari limesimama, gia haikuingizwa, Salum akakanyaga mafuta. Grrr!

"Basi si magurudumu," akasema fundi. "Gurudumu haliwezi kulia na gari haliendi. Tutazame bomba la moshi."

Injini ilipopoa akalipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akajilaza chini. Nami nikainama kutazama, Salum akinambia nitachafua buibui. Lile bomba linalotoa moshi kwenye injini na kuupeleka nyuma ya gari lilikuwa na ufa katikati, na pembezoni mwa ufa masizi meusi yamejipaka kama ya sufuria ya kuni. Injini ikienda taratibu, moshi ni mdogo, hupita. Ukikanyaga mafuta, moshi huja kwa nguvu, hutoka kwa ule ufa, na ndio ile kelele.

"Na moshi huo ukitoka hapo unakwenda wapi?" nikamuuliza.

Fundi Haji alinitazama, kisha akanyanyuka, akafungua mlango wa nyuma na kuinua zulia la miguuni. Kutu ilikuwa imekula bati la chini mpaka likatoboka. Ukichungulia tunduni, unaliona bomba.

Fundi akasema kwa upole, "Moshi huu haunuki wote. Mtu husinzia, wenzake wakadhani kalala, kumbe anakufa." Salum akakaa chini juu ya tairi, mikono kichwani.

Gari halikutoka pale mpaka kipande kilichopasuka kilipokatwa, kikachomelewa kipya, na tundu likazibwa kwa bati zima. Safari iliyofuata, mama alikaa nyuma vilevile, akateremka Bwejuu kwa miguu yake na kuingia moja kwa moja jikoni kumkosoa khalati kwa pweza wake asiyekolea ndimu. Kisha akamwita Salum.

"Naam, mama."

"Nilikwambia gari lako linaniumiza kichwa. Ukanicheka, na mdogo wako ukamjibu kwa redio. Lakini nami nilikosea, nilisema mara moja nikanyamaza."

Basi mwanangu, kelele usiyoijua usiizoee, na wala usiifunike kwa kelele nyingine. Iulize: inakuja lini, inaondoka lini, inatoka wapi, inakwenda wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta, mwanangu, zisizojengeka tena. Na mtu akikwambia panapomuuma, usimcheke. Kaa japo mara moja kwenye kiti chake. Ukiwa wewe ndiye unayeumwa, sema, na usiposikilizwa, sema tena.

Mungu akupe sikio jepesi na moyo usioona haya kuuliza, akufikishe salama kila uendako, wewe na wote uliowapakia. Amin.