Hati Iliyochomwa kwenye Jiko la Mbavu

Wakuu, nusura ninunue majivu kwa dola elfu thelathini na moja.

Sitanii. Majivu ya jiko la kuchomea nyama.

Nilikuwa nimeuza duka la mikate tuliloanzisha na marehemu mke wangu hapa Toledo. Pesa ile ndiyo uzee wangu wote, na kukaa tu benki kulinikosesha raha. Nikasikia habari za hati za mikopo ya nyumba. Mtu kakopa kununua nyumba, wewe unainunua hati ya deni lake, kila mwezi anakulipa wewe.

Nikapata madalali wawili.

Marlene, mdomo pilipili. "Mzee Rusnak, usitoe hata senti kabla hujaiona hati halisi kwa macho yako. Halafu nenda kabishe hodi kwenye hiyo nyumba."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Kwani unakimbizwa?"

Nikamkatia simu.

Wendell sasa, asali tupu. Tulionana mara moja, kahawa na pai akalipa yeye, akaniulizia goti langu.

"Mzee wangu, hati halisi ninayo kabatini. Ila kuna mteja mwingine anaitaka. Mwisho Ijumaa, saa kumi na moja jioni."

"Nikaione nyumba kwanza?"

"Aa, mzee! Utamtisha mdaiwa bure."

Siku tatu nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama. Chai inapoa mezani.

Ijumaa asubuhi nikawasha gari, nikaenda kubisha hodi kwenye ile nyumba. Si kwamba nilimshuku Wendell. Nilitaka nikamkomeshe Marlene.

Akafungua bibi mmoja, Opal Whitfield, jina lile lile la kwenye nakala ya hati aliyonipa Wendell. Nikamweleza kwamba nanunua deni lake.

Alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Deni gani, kaka? Nimelimaliza Julai! Benki iliponirudishia hati, tuliichoma hapo uani kwenye jiko la mbavu, majirani wanashangilia."

Nikamwonyesha ile nakala.

"Huamini? Ngoja." Akabandua picha kwenye friji.

Bibi kashika karatasi inawaka. Watu wanapiga makofi. Kando yake, sahani ya mbavu mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili, Wendell.

"Huyu nani?"

"Huyu? Mpwa wangu! Ndiye anayenishughulikiaga makaratasi. Unamfahamu?"

Nilimwonea huruma yule bibi kuliko nilivyojihurumia mimi. Kisha nikamwambia yote, naye akakaa kwenye ngazi, kicheko kimemwisha.

Saa kumi na moja kamili simu ikaita. Wendell. Niliiacha ikaita mpaka ikachoka, nikampigia Marlene.

"Ulibisha hodi?"

"Nilibisha."

"Haya, sasa tunaweza kuanza kazi."

Ndugu zangu, dalali anayekukataza kubisha hodi, mkimbie. Yule anayekuchosha kwa maswali, mvumilie. Mimi nilitaka kumkimbia wa kuniokoa kwa sababu tu hakuniulizia goti.