Betri Ndani ya Ganda la Zamani

Fundi saa huyu mtaa mzima ulimwita Dakika, na kwa miaka thelathini alifanya kazi kwenye kibanda chenye upana wa mlango na nusu. Miguu yake ilikataa kazi tangu utotoni. Asubuhi ile, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, alikuwa ametazama saa mara saba mkewe, aliyekuja kumsindikiza, alipoifunika kwa kiganja.

"Baba watoto, iache hiyo saa. Itaona aibu isimame."

"Saa saba mchana wanamwingiza. Ndege ikiniacha nimekwisha."

Aliyekuwa anaingizwa chumba cha upasuaji ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao. Moyo ulikuwa umemchoka, na madaktari wa mji ule wa mbali hawakumficha kwamba wako wanaoingia wasitoke. Miaka sita ndugu hawa hawakusemezana, kwa neno moja baya ambalo Dakika alilitamka kwenye msiba wa mama. Juzi simu ikalia: "Kaka, njoo unione kabla hawajanilaza." Samahani alikuwa nayo, lakini hakuisema kwenye simu. Akaona heri aipeleke mwenyewe.

Sasa, kulikuwa na jambo kuhusu kiti chake cha umeme. Betri yake ilikufa mwaka jana. Mwingine angenunua nyingine. Dakika alifanya kama alivyozoea kufanya kwa saa kuukuu za wateja: alifungua ganda, akatoa matumbo, akapanga ndani seli mpya zilizobanana, akafunga ganda lilelile lenye kibandiko kilekile. Alijisifu nayo. Ya zamani ilimfikisha sokoni ikihema. Hii ilimpeleka, ikamrudisha, ikabaki na hamu ya safari. Kibandiko kilisema inabeba umeme wa wati-saa mia mbili themanini. Ukweli ulipita mia tano.

Dada wa kaunta alitoka nyuma ya meza yake, akachuchumaa kando ya kiti.

"Shikamoo mzee wangu. Betri inatoka?"

"Marahaba. Inatoka, mwanangu."

"Basi utaingia nayo mwenyewe ndani ya ndege, haikai chini na mizigo. Ila isizidi mia tatu." Akainama, akasoma. "Mia mbili themanini. Safi kabisa. Tuzibe ncha zake kwa selotepu, upite."

Mkewe akashusha pumzi. Dakika hakushusha.

"Kwa nini isizidi?" aliuliza, na jibu analijua.

"Ikishika moto kule juu, mzee, hakuna dirisha la kuitupia."

Nyuma yake kwenye foleni mama mmoja alikuwa amebeba mtoto aliyelala, mdomo wazi. Vidole vya Dakika vilianza kutembea juu ya mkono wa kiti, kama vinatafuta skrubu iliyodondoka. Mkewe alimwinamia sikioni.

"Nyamaza. Haijawahi hata kupata joto."

"Najua."

"Basi nyamaza. Mgonjwa anakungoja."

Hapo ndipo wema wengi huteleza: pale ambapo hakuna aliyewauliza. Dakika hakuulizwa kitu. Kibandiko kilikuwa kinajibu kwa niaba yake. Lakini aliyekiacha kwenye ganda alikuwa nani?

"Mwanangu," alisema, "hicho kibandiko si cha betri hiyo. Ni cha marehemu."

Akaeleza yote. Dada wa kaunta akamwita mkubwa wake, na mkubwa hakuja upesi. Zikapita dakika kumi. Kumi na tano. Foleni ikaguna.

"Haya, mtakatifu wangu," mkewe alisema kwa uchungu, "sasa utapaa kwa mbawa?"

Mkubwa alifika na simu ya upepo mkononi. "Betri haipandi. Kiti kitapanda bila hiyo, na wewe pia. Amua, tunafunga."

Kiti kile bila betri ni kabati. Magurudumu yake madogo hayashikiki kwa mkono, na Dakika alikuwa mtu asiyeruhusu yeyote amsukume, hata mkewe.

"Fungueni breki," alisema. "Nisukumeni."

Mkewe alirudi nyumbani peke yake, betri ameikumbatia kama mtoto wa jirani aliyetelekezwa mlangoni.

Saa saba kasoro dakika tano mbeba wagonjwa alimsukuma mbio kwenye ukumbi wa hospitali, akamwegesha akiwa ameutazama ukuta, na akaitwa kwingine. Mbele yake palikuwa na tangazo la kunawa mikono. Nyuma yake akasikia magurudumu ya kitanda na sauti anayoifahamu: "Jamani, yule si kaka?"

Alipapasa magurudumu, vidole vikateleza. Shingo haikugeuka hadi nyuma. Kitanda kilikuwa kinapita, mlango unafunguliwa.

"Nigeuzeni!" alipaza sauti kuomba msaada, mara ya kwanza maishani mwake. "Jamani, naomba mnigeuze!"

Muuguzi akamgeuza. Mdogo wake alikuwa amelala chali, kofia ya kijani imemfika kwenye nyusi.

"Lile neno la msibani," Dakika alisema, "nilikosa. Nisamehe."

"Ulikosa kweli, kaka." Akanyoosha mkono. "Nimekusamehe. Nishike basi, naogopa."

Akaushika. Muuguzi mmoja akasukuma kitanda, mwingine akasukuma kiti, na wakaenda hivyo pamoja mpaka mlangoni, ambapo walimwambia auachie mkono.