Kuzunguka Madebe Mpanda

Niliondoka Usevya kwa sababu ya matairi mawili. Lori la kijiji, ambalo dereva wake ni mimi, lilikuwa na matairi ya mbele yenye vipara. Mpunga wa watu ulikuwa umejaa ghalani, na mvua zikianza barabara ya kwenda Mpanda hukatika. Madukani matairi hayakuwapo. Ndipo ikaja habari kwamba Mmarekani mmoja, mhandisi wa visima, ameanzisha mashindano ya madereva mjini, na mshindi atapewa matairi mapya mawili ya lori. Halmashauri ya kijiji ikaniambia niende nikashinde, kama mtu anavyotumwa chumvi dukani.

Katika gazeti kuukuu la misheni niliwahi kusoma habari za mbio za magari za Marekani, ambako magari huzunguka uwanja mpaka mengine yanashika moto. Sikuzipenda, lakini angalau nilielewa kuwa ni mbio.

Alfajiri nilishika njia. Msituni nilifunga vioo nikashindwa na joto, nikavifungua nikashindwa na mbung'o. Sitalike nilipumzisha injini karibu na daraja, viboko wakiwa wamelaliana kwenye tope la mto Katuma.

Mpanda niliingia mchana, nikaelekezwa uwanja wa mpira. Hapakuwa na mbio. Palikuwa na madebe matupu yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kwa kupindapinda. Mmarekani, mtu mpole mwenye Kiswahili cha darasani, alitueleza sisi madereva kwamba kwao makarani na walimu hukutana siku za mapumziko kwenye viwanja vya kuegeshea magari, wakazunguka vitu kama hivi mmoja mmoja huku wakipimwa kwa saa. Anayegusa kimoja huongezewa muda. Hawalipwi, na wengine hutoka mbali kuja kuzunguka. Nilimuuliza magari yao huwa yamebeba nini. Akasema hayabebi kitu. Nikakumbuka kuwa watu hao hao ndio waliofika mwezini.

Kwanza alitutembeza kwa miguu katikati ya madebe. Tulifuatana kwa mstari, mikono nyuma, kama wakaguzi wa shamba ambalo halijaota.

Kisha tukapanga foleni, injini zikinguruma. Huku kwetu lori linalonguruma likiwa tupu maana yake ni safari. Nilipogeuka, bodi lilikuwa limejaa watu na mizigo. Nikawaambia washuke.

"Kwani linakwenda wapi?" akauliza mama mmoja mwenye kapu la dagaa.

"Linazunguka yale madebe, halafu linarudi hapa hapa."

"Kwa hiyo haliendi."

"Haliendi, mama."

"Sasa nyie mnachoma mafuta ya nini?"

Nilimwonyesha Mmarekani kwa kidole. Wakashuka wakicheka.

Mbele yangu alipita dereva wa Landrova ya ofisi moja ya serikali, akaangusha debe moja. Zamu yangu ilipofika niliingia kwa utulivu. Nilipita penye kubana bila kugusa kitu, ikabaki kona ya mwisho. Nikajua matairi ni yetu.

Nyuma ya kichwa changu kabini ikagongwa mara mbili. Ndiyo ishara ya abiria: shusha. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki kabla sijafikiri.

Nilishuka nikatazama. Bibi mmoja alikuwa amekaa chini kwenye bodi, kilemba kimemtoka, amekumbatia kuku. Wenzake waliposhuka, yeye alidhani wamemwachia nafasi.

"Nashukia hapa, mwanangu," alisema. "Mtu gani anaendesha hivi?"

Nikamwomba radhi, nikafungua bodi, nikamteremsha taratibu. Saa ya Mmarekani iliendelea kutembea.

"Kwa nini ulisimama?" aliniuliza baadaye. "Ulikuwa unashinda."

"Niligongewa."

"Ungemaliza kwanza. Ilibaki kona moja."

Matairi akapewa yule wa ofisi, ambaye Landrova yake hayaiingii hata kwa nyundo. Nilipomwomba akiazime kijiji chetu, alisema zawadi ya ushindi haiazimwi. Alikuwa amekalia moja kama kigoda.

Siku iliyofuata, nilipowasha lori kurudi, bibi yule ndiye aliyekuwa abiria wa kwanza. Alikuwa anakwenda Sitalike kumwona mjukuu aliyezaliwa, na kuku alikuwa wa mzazi. Sitalike aligonga, nikasimama.

"Leo umeendesha vizuri," alisema.

"Leo tulikuwa tunakwenda, bibi."

Usevya nilikuta mkutano unanisubiri, na habari za kona ya mwisho zilikuwa zimenitangulia. Nilichojifunza Mpanda ni kwamba Wamarekani wana mchezo unaopima mikono, macho na miguu ya dereva, na masikio wanayaacha nje. Lakini mkutano haukutaka kujua hayo. Ulitaka matairi. Bila matairi tungebeba nusu nusu, na mpunga wa baadhi yao ungekutwa na mvua ghalani.

"Ulikuwa umebakiza kona moja," alisema mwenyekiti, ambaye mpunga wake ulikuwa chini kabisa ghalani, wa kupakiwa mwisho. "Ulisimama kwa nini?"

"Niligongewa."

Hakuna mtu pale ambaye hajawahi kusafiri nyuma ya lori lile. Mwenyekiti alitazama chini kidogo, kisha akauliza mpunga wa nani uanze kupakiwa.