Zimwi la Utomvu

Kila nikifungua kichupa cha wino wa kahawia nipake mazimwi yangu ya plastiki, vile vinyago vidogo vya kuchezea mezani, nasikia harufu ya mgomba uliokatwa. Wino hauna harufu hiyo, najua.

Utotoni nilifinyanga zimwi kwa udongo wa mfereji, nikalikwaruza mbavu na macho kwa kijiti, nikalianika. Likakauka jeupe, halitishi hata kifaranga. Shangazi alikuwa akikata mgomba wa kulisha ng'ombe.

"Hebu lilete," akasema, akalikamulia utomvu. Mbona ni maji tu! Nikanuna.

"Subiri ukauke, mwanangu."

Jioni ule utomvu ulikuwa umegeuka kahawia. Shangazi akalisugua zimwi kwa jani kavu la mgomba. Juu pakabaki peupe, rangi ikabaki kwenye mikwaruzo tu. Mbavu zikatokeza. Macho yakazama ndani, yakaanza kunitazama.

"Rangi imejuaje pa kukaa?"

"Inakaa penye ufa."

Nikamshika mkono, nikaufungua. Kiganjani, kila mstari na kila ufa ulikuwa na kahawia ileile.

"Na wewe, shangazi, ulipakwa lini?"

"Kila siku," akajibu, akachukua panga. Ng'ombe alikuwa ameshaanza kulia.