Mama na télécommande

Leo mama yangu amepata micro yake, na mi sikujua nicheke ao nilie.

Tulikuwa tunaangalia télé, ile fête ya kupatia ba-actrice zawadi. Munanijua: filme ya banamuke hainipite.

Actrice moja akapanda mbele, akashika micro ya kuongelea, akashukuru, akalia. Mi pia nikalia.

Mama akasema: « Mi vilevile nilipata. »

Pardon?

Ilikuwa wakati ya Zaïre, mu théâtre ya camp ya mine ya shaba, kwenye papa alikuwa anatumika kazi. Actrice wa kwanza, yeye! Zawadi: machine ya kushona.

Nikamuuliza: « Balikuita mbele? »

« Apana. Baliita numero ya kazi ya papa yako. Bibi ya mufanyakazi hakukuwa na numero. Papa akapanda, akashukuru muzuri. Mi nilibakia pa mulango na nguo yangu ya théâtre, nikapiga makofi. »

Roho ikaniuma. Nikamupatia télécommande ya télé: « Mama, micro ni hii. Leo ongea we mwenyewe. »

Akasimama. Akanyoosha kikwembe yake ya kiunoni. Akakohoa kidogo.

Na akataja numero ya kazi ya marehemu papa, yote, bila kukosa hata chiffre moja.

Kisha akaniangalia, kama vile amemaliza.

Nyie mungefanya nini?

Mi nilipiga makofi.