Spana yenye Duara la Kijani

Juzi nilimwona mtoto wa jirani akifunga kikaratasi kwenye kisu cha jikoni, eti ni kielelezo cha kesi wanayoigiza shuleni kwao. Hapohapo pua yangu ikajaa harufu ya grisi.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, ilikuwa zamu ya darasa la dada yangu Zuena kuigiza mahakama, naye ndiye mwendesha mashtaka. Mimi mdogo wake nilikaa nyuma, kwenye joto la mabati. Zuena akainua spana, akamsogelea shahidi.

"Unaitambua?"

"Naitambua. Mwizi aliiangusha akikimbia."

Spana ile ilikuwa na duara la kijani kwenye mpini. Huku kwetu Buyenzi kila fundi hupaka vyuma vyake rangi yake, visichanganyike na vya wenzake, na kijani ilikuwa ya Papa, baba yetu. Hakimu akatangaza kwamba kielelezo kimepokelewa. Nilijua hakimu ni mwanafunzi tu. Lakini spana haikuwa ya kuigiza.

Nilikimbia hadi gereji. Papa alikuwa chini ya gari, akipiga mluzi.

"Papa, kimbia! Wameona spana yako!"

Mluzi ukakatika. Leo najua kwamba baba yeyote angecheka, au angeuliza ni mchezo gani huo. Yeye alitoka polepole, akachungulia barabarani, kisha akafunga geti.

"Apana piga kelele," akaninong'oneza. "Wameona spana gani? Ile niliacha wapi?"