Beseni ya Kwanza ni ya Chef

Dada yangu alinifia mikononi, juu ya pikipiki, mbele ya kufika hospitali ya Banalia. Mate ilikuwa inatoka mu mudomo yake bila kukatika, inashuka ku mukono wangu, inaingia mu kikwembe nilichojifunga, inateleza kama mate ya konokono. Alikuwa amejinyea. Nyama ya mapaja yake ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi, na pumzi yake ilinuka kitu kimoja tu: ile dawa ya kakao, yenye wanaume wanabeba mugongoni mu pompi kwa kuua vidudu. Nikamwita. Akafungua macho, kile kitone cheusi cha jicho kimekuwa kidogo kama kichwa cha sindano. Halafu nyama ikaacha kuruka.

Dereva akasimama, akageuka, akaangalia.

“Mama, pole,” akasema. “Lakini kiti yangu.”

Akakata majani, akaanza kupanguza kiti, na dada yangu angali amekaa pale juu, mimi nimemushika. Nikageuza kichwa pembeni nikatapika tena, sababu ile samaki hata mimi niliikula.

Bon. Nianze pale inaanzia.

Mimi nauza lituma, ndizi ya kupondwa, mu commune ya Kisangani. Masomo yangu yaliishia mu primaire. Vita ilipita juu ya nyumba yetu, nikabaki. Kolera ikapita, nikabaki tena. Nilifikiri mutu wa kama mimi hakuna tena kitu kinaweza kumutapisha. Kumbe nilikuwa sijaenda kutembelea kwetu.

Kwetu ni kijiji kimoja mbele ya Banalia, ng’ambo ya muto. Zamani ukifika pale ulikuwa unanusa moshi na mihogo yenye kulowekwa. Sasa ni kakao tu, kila mahali, mpaka nyuma ya kanisa, mpaka juu ya makaburi. Inaoza mu masanduku mbele ya milango, inanuka siki, maji yake meusi yanapita mu njia na watoto wanakanyaga ndani. Na dawa yake. Ile dawa inaletwa na agronome, bwana shamba, mutu wa shati ya kupigwa pasi, mu chupa za plastiki zenye kizibo chekundu, bila karatasi ya kueleza kitu. Chupa ikiisha watu wanaweka chumvi ndani, ao mafuta ya ngazi, mawese. Mu nyumba ya dada yangu nilikuta moja juu ya meza, iko na maji ya kunywa.

“Mudogo wangu, munakunywa mu chupa ya sumu?”

Akacheka. “Yaya, mukubwa wangu, wewe na mambo yako ya mujini. Tunaosha na sabuni.”

Yeye njo aliniita nije. Ilikuwa kiangazi, wakati wa wamama kuziba kamuto. Kwetu, maji ya ule muto mudogo ikipunguka, wanawake wanaufunga kwa matope na miti, halafu wanachota maji kwa mabeseni na kuyamwaga nje mpaka samaki zinabaki mu tope. Ni kazi yetu tangu zamani. Mwanaume haruhusiwi kukaribia. Akipita, tunamutukana, tunamutupia tope, na hana ruhusa ya kukasirika. Na beseni ya kwanza ni ya chef, mukubwa wa kijiji. Nyumba yake lazima iipike siku ileile, njo heshima yake kwetu na yetu kwake.

Mukubwa wa kazi alikuwa mama mudogo, ndugu ya marehemu mama yetu, muzee mwenye mudomo. Tangu asubuhi tuko mu maji, dada yangu pale kwenye shimo ya kina, maji inamufika kiunoni. Mara mutoto mukubwa wa chef akatokea upande wa juu, pale maji ya kamuto inatoka, kule hakuna shamba hakuna njia. Suruali imelowana mpaka magoti.

“Eh, wewe!” mama mudogo akamupigia kelele. “Suruali yako inalia nini? Umejikojolea ao umebatizwa?”

“Mumuache,” mwingine akasema. “Iko anatafuta bibi. Mpaka leo mama yake njo anamutoa miba mu samaki!”

“Alete huo mugongo nimupake tope!” Ni dada yangu huyo. Akachota tope mukono muzima, akatupa, ikamupata katikati ya shati. Tulicheka mpaka mabeseni yakaanguka.

Yeye pia akacheka. “Tupeni, wamama, tupeni. Leo mutashiba mpaka musahau mabwana zenu.”

Akavukia juu ya muti wenye kuanguka. Hakuweka muguu mu maji yetu. Ile niliiona, na sikufikiri kitu.

Hatukumaliza hata kuchota. Samaki zikaanza kupanda zenyewe. Kambale mikubwa inakuja juu na mudomo wazi, ndogondogo zinageuza tumbo. Kaa zikatoka mu maji zikipanda ukuta wa tope, zinakimbia. Mutu mwenye akili angekimbia nyuma yao. Sisi tuliimba. Mama mudogo alipiga magoti mu tope, machozi yanatoka, akasema marehemu mama yetu njo ametutumia chakula sababu binti zake wako pamoja. Na mimi nililia, pumbafu.

Mimi na dada yangu njo tulibeba beseni ya kwanza. Chef alikuwa mu kiti chake, redio ku sikio. Bibi yake hakunyosha mikono kuipokea.

“Muweke pale ku uchanja,” akasema. “Sisi leo tunakula madesu.”

“Mama chef!” dada yangu akasema. “Madesu? Maharagi, siku ya samaki? Munakuwa wazungu?”

Hakucheka. Chef akapunguza redio. “Asanti, wamama,” akasema. “Nanyi mukule vizuri.”

Tukakula vizuri. Zile ndogondogo tulizifunga mu majani, liboke, pamoja na matumbo yake, sababu uchungu wa matumbo njo tunaupenda. Mimi nilikuwa na jino linaniuma, nikakula kidogo upande mumoja. Dada yangu alifungua liboke ya pili na kulamba jani. Mama mudogo hakukula, mukubwa wa kazi anangoja wote washibe. Nikapunga mukono juu ya sahani kufukuza nzi, kama vile mutu amezoea. Hapakuwa na nzi. Hata moja. Mutajua vile nilisema? Nilisema, “Angalia, chakula safi.”

Mpaka leo nikikumbuka ile neno, mate inanijaa mu mudomo.

Jua halijashuka, wamama wakaanza kutapika mu kila kiwanja. Wengine walipona. Dada yangu, mwenye kukaa mu ile maji na kukula kupita wote, hakupona. Ile ya pikipiki nimesha kuisema.

Tuliporudi na maiti tulipita mbele ya nyumba ya chef. Uchanja umejaa, samaki zake zote nzima, zinakauka pole pole ku moshi. Siku ya mazishi, sisi tunachimba, pikipiki ikapita na kitunga ya zile samaki za chef, inaenda Kisangani. Ku mji wangu. Kuna mutoto alizikula na lituma, sijui wa nani. Niliporudi nilizunguka soko nikinusa samaki za watu kama imbwa, wakanifukuza.

Lakini kwanza kulikuwa barza, pale chef anakatia mashauri. Nilipanda kamuto mimi mwenyewe, nikakuta vyura vimekufa vimevimba, na mu tope chupa ya kizibo chekundu. Nikaiweka mbele ya chef. Agronome alikuwa amekaa karibu yake, mu kiti, muguu mumoja juu ya mwingine.

“Mama, chupa kama hizi ziko fasi yote,” akasema. “Hata mu nyumba ya marehemu.”

Watu wakaitika. Alijua wataitika.

Chef akasema tulivuka mipaka. Tulimutukana mutoto wake kupita vile desturi inaruhusu, maji ikakasirika. Halafu akanyosha kidole kwa mama mudogo, ameketi chini.

“Wote waliugua. Huyu hakuugua. Mwenye hakuugua njo anajua sababu.”

Wakamufukuza kama mulozi, muchawi. Wamama walewale alioimba nao walisimama pembeni, kikwembe ku mudomo. Sasa analala mu salon yangu, uso ku ukuta. Ule mudomo wake umefunga. Nikipika samaki anatoka inje.

Watu wananiambia, achana nayo, wewe umepona. Sina haja ya kuandika majina. Agronome kule iko mumoja: yeye njo anagawa. Chef iko na mutoto mukubwa mumoja: yeye njo alimwaga. Wanajijua, na kijiji kinawajua.

Lakini nakuuliza wewe, chef. Nataka ufungue barza tena, mbele ya watu walewale, na mama mudogo akae mu kiti, si chini. Ulikata shauri kwamba mwenye hakuugua njo anajua sababu. Bon. Wewe hukuugua. Bibi yako hakuugua, mutoto wako hakuugua. Beseni ya kwanza tulikuletea mimi na dada yangu kwa mikono yetu. Simama, uwaambie: ile siku, kwa nini nyumba yako ilipika madesu?